Giaboksi Gani kwa Kombi ya Safari? Ulinganisho kwa Anayeanzia Mombasa

Wenye Kombi za kulalia hapa Mombasa huwa na ombi moja kwa fundi: gari lishike kilomita 100 kwa saa kutoka Mariakani hadi Voi bila injini kupiga mayowe. Ombi ni la haki. Volkswagen waliipa Kombi gia fupi ili injini ndogo iweze kuvuta mwili mzito, na ndiyo maana ukiwa gia ya nne injini bado inazunguka mno hata kwa mwendo wa kawaida. Jibu analolipata mwenye gari mara nyingi ni kwamba abadilishe giaboksi. Lakini kubadilisha giaboksi kuna njia kadhaa, kila moja na gharama yake na madhara yake, na mojawapo inaweza kuua injini nzima iliyokuwa haina tatizo lolote.

Niseme msimamo wangu mapema ili usome ukiujua. Giaboksi haiongezi nguvu hata kidogo. Inachoweza kufanya ni kuipumzisha injini katika mwendo ambao injini hiyo tayari inaumudu. Kombi isiyofika 100 kwa gia fupi haitafika 100 kwa gia ndefu, yaani inayoizungusha injini polepole zaidi kwa mwendo uleule, bali itapungua mwendo, itachemka, na mwenyewe atabaki kushangaa pesa zake zimekwenda wapi.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Pakia gari kama unavyopakia siku ya safari: kitanda, kabati, maji, mtungi wa gesi, watu. Kombi ya kulalia iliyojaa hukaribia tani mbili na robo, kwa hiyo jaribio la gari tupu halikuambii kitu. Tafuta kipande kirefu kilichonyooka, kwa mfano ukishapita Mackinnon Road kuelekea Maungu, ushike kilomita 90 kwenye gia ya nne, kisha angalia mguu wako. Pedeli ya mafuta ikiwa imefika nusu na gari linakwenda bila kusukumwa, injini ina akiba, na gia ndefu itakufaa. Ikiwa mguu umegota sakafuni, pesa zako zianzie kwenye injini: kabureta, taiming, valvu, mgandamizo wa silinda moja moja. Giaboksi ingoje.

Jaribio hilo lina kasoro moja inayowahusu hasa watu wa Pwani. Hapa tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito, na injini inapata pumzi yake yote. Kwa kadirio la kawaida, injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Injini ya 1600, yaani ya cc 1600, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 50 inafika kule ikiwa na 42 hivi, tena kama bado ni nzima kama ilipotoka kiwandani. Gia unayoiona tamu kwenye barabara ya Mtwapa inaweza kuwa mzigo ukishapita Emali na kuanza kupanda kuelekea Salama. Kwa hiyo kama safari zako ni za Malindi na Diani, soma ulinganisho huu kwa jicho moja. Kama ni za Nairobi na kwingine bara, au za kupanda Wundanyi kwa zile kona zake, soma kwa jicho jingine.

Upepo nao usiusahau. Kombi ina uso wa ukuta. Mwendo ukipanda kutoka 90 hadi 110, nguvu ya kuupasua upepo peke yake inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 80. Msimu wa kusi, anayerudi kutoka Malindi anaupokea upepo usoni na ubavuni, na kwenye daraja la Kilifi atauhisi mpaka kwenye usukani. Mimi nalenga 95 hadi 100, basi. Sheria yenyewe inampa mwenye gari la binafsi 100 kwenye barabara isiyogawanywa, na sehemu kubwa ya njia ya Nairobi ni ya namna hiyo. Na kama Kombi yako imesajiliwa kubeba abiria kwa malipo, kikomo chako ni 80, na hapo sioni sababu ya kugusa giaboksi iliyo nzima.

Hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe

Kilomita 100 kwa saa ni mita 1,667 kwa dakika. Tairi ya asili ya Kombi ya miaka ya 1968 hadi 1979, yaani 185R14, inatembea karibu mita 2 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 833 kwa dakika. Zidisha hiyo kwa uwiano wa gia ya nne, kisha zidisha tena kwa uwiano wa krauni na pinioni (jozi ya gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye ekseli), na utapata mizunguko ya injini.

Kombi za 1600 za mwanzo wa kipindi hicho zina gia ya nne ya 0.82 na krauni ya 5.375. Ukizizidisha unapata 4.41. Kombi za injini ya 2000, za 1976 hadi 1979, zina gia ya nne ya 0.88 na krauni ya 4.571, ambazo zinatoa 4.02. Hapa chini nimeweka njia nne pamoja, nikikadiria kwa hamsini hamsini:

| Mpango | Kwa 80 | Kwa 90 | Kwa 100 |
|---|---|---|---|
| Giaboksi ya asili ya 1600, tairi 185R14 | 2,950 | 3,300 | 3,650 |
| Hiyo hiyo, tairi 205R14 | 2,800 | 3,150 | 3,500 |
| Hiyo hiyo, gia ya nne ndefu ya 0.77 | 2,750 | 3,100 | 3,450 |
| Giaboksi ya Kombi ya 2000, tairi 185R14 | 2,700 | 3,000 | 3,350 |

Itazame vizuri. Tofauti kati ya njia ya bei rahisi kabisa na njia ya giaboksi nzima ni mizunguko 150 tu kwa kilomita 100. Watu wengi wanaoota giaboksi mpya hawajawahi kuliona jambo hili likiwa limeandikwa.

Tairi

Njia hii ni ya haraka, na mtu akijuta anarudi alikotoka. 195R14C inakupa kama asilimia mbili na nusu, na hupatikana kwa urahisi kwa kuwa ni tairi ya vani. 205R14 inakupa zaidi ya asilimia tano, ila ni pana, na mahali pa tairi ya akiba panaweza kuikataa. Hakikisha ina alama ya C ya kubebea mzigo. Tairi ya saluni haikuumbwa kwa tani mbili.

Mtego uko kwenye rimu za urembo. Mtu anafunga rimu za inchi 15 na tairi za 195/65 akidhani amekuza gurudumu, kumbe tairi hiyo ina kipenyo cha sentimita 63 na nusu, pungufu ya ile ya asili yenye 65. Injini inazidi kuzunguka, na lawama anaibeba fundi wa giaboksi.

Tena mshale wa spidi wa Kombi unaendeshwa na gurudumu la mbele la kushoto. Ukibadilisha giaboksi, mshale hauathiriki. Ukikuza tairi zote nne, mshale utasoma chini ya mwendo wako halisi, na hilo askari wenye kamera hawatalipokea kama udhuru. Pima kwa simu yenye ramani ujue unadanganywa kwa kiasi gani.

Gia ya nne ndefu, au giaboksi ya 2000?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo kwa wengi.

Kwenye gia ya nne ndefu, giaboksi yako inabaki, inafunguliwa, na jozi ya gia ya nne peke yake inabadilishwa kwa nyingine yenye uwiano mdogo zaidi. Gia ya kwanza, ya pili na ya tatu hazijaguswa. Gari linaondoka kama lilivyokuwa likiondoka na linapanda kama lilivyokuwa likipanda. Kwa mtu anayevuka Likoni kila wiki, hilo ni jambo kubwa. Maji yakiwa yamekupwa, daraja la feri linalala mteremko mkali, na Kombi iliyopakiwa inatoka pale kwa gia ya kwanza, watu wa miguu wamejaa mbele, huku klachi ikinusurika kwa shida. Ukiipa gia ya kwanza ndefu, utanunua diski za klachi mapema kuliko ulivyotarajia.

Kasoro ya gia ya nne ndefu ni pengo. Kwenye giaboksi ya asili, kutoka gia ya tatu ya 1.26 hadi ya nne ya 0.82, injini inashuka kwa asilimia 35 unapobadilisha. Ukitoka 4,000 unaangukia 2,600. Kwa 0.77 unaangukia 2,450. Injini ya 1600 inavuta kwa nguvu yake kubwa ikiwa kwenye 2,800 hivi, kwa hiyo tayari ulikuwa chini ya hapo na sasa umezidi kushuka. Barabara ikiwa sawa hutaona tatizo. Kwenye mwinuko wa Mazeras, au nyuma ya lori la makontena lililokupunguzia mwendo hadi 70, utarudi gia ya tatu na kukaa humo muda mrefu, kwa sababu ya nne haitaki tena kuvuta.

Giaboksi ya 2000 ni kinyume chake. Gia zake zinafuatana vizuri, na ile krauni ya 4.571 inazirefusha zote kwa pamoja. Faida yake haiko sana kwenye topu, yaani gia ya nne, ambako unapata asilimia tisa tu. Iko kwenye gia ya tatu. Kwa giaboksi ya asili, tatu kwa kilomita 80 inaizungusha injini mara 4,500, na hapo huna la kufanya ila kuingiza ya nne na kuomba Mungu. Kwa giaboksi ya 2000, tatu kwa kilomita 80 ni 3,850. Unaweza kuivuta hadi karibu 90, ukampita dereva wa lori kwa amani, kisha ukaingiza nne. Njia ya Nairobi imejaa malori ya kwenda Uganda na kwingine bara. Kwa anayeisafiri, gia ya kupitia ina thamani kuliko utulivu wa topu, na ndiyo sababu ya kweli ya kuitamani giaboksi hii.

Sasa bei yake, nami sisemi ya pesa. Gia ya kwanza ya giaboksi zote mbili ni 3.8 hivi. Krauni ikishuka kutoka 5.375 hadi 4.571, gia ya kwanza inarefuka kwa asilimia 15. Umepewa tisa juu, ukanyang'anywa kumi na tano chini. Volkswagen waliifunga giaboksi hii nyuma ya injini yenye nguvu za farasi 70. Ukiifunga nyuma ya 1600 yenye farasi 50, ambayo imeshazeeka, ni kama kumpa mwendesha baiskeli wa mitungi ya maji sproketi ya mashindano: akiwa ameshaondoka ni sawa, tabu iko kwenye kuondoka.

Kwa hiyo nasema waziwazi. Ukiwa na 1600, safari zako ni za Pwani na feri, chagua gia ya nne ndefu au tairi. Ukiwa na 1600 na safari za bara, baki na giaboksi yako, ongeza tairi ya 195R14C, na pesa iliyobaki ipeleke kwenye injini. Ukiwa na 1700, 1800 au 2000 iliyo hai, giaboksi ya 2000 ndiyo yako. Ukiwa na 2000 ambayo fundi wa zamani aliifungia giaboksi ya 1600 kwa kukosa spea, jambo ambalo limetokea kwa Kombi nyingi zilizochoka, usingoje hata mwezi.

Joto, ambalo wauzaji hawalitaji

Injini ya Kombi inapozwa kwa hewa, na feni inazungushwa na injini yenyewe: kwa ukanda kwenye 1600, moja kwa moja kwenye ncha ya krenki kwa injini za 1700 hadi 2000. Ukipunguza mizunguko, umepunguza upepo. Kwenye barabara tambarare si neno, maana injini nayo inafanya kazi kidogo. Hatari ni pale unapong'ang'ania gia ndefu kwenye mlima: mguu uko chini, mafuta yanaungua kwa wingi, na feni inazunguka polepole. Ongeza jua la Pwani, ambako hewa inayoingia tayari ina nyuzi 32, na silinda hedi, yaani vifuniko vya silinda, zinapikwa. Mtu anasikia injini imetulia na anafurahi, kumbe utulivu ule ndio hatari yenyewe.

Mimi simfungii mtu gia ndefu kwa moyo mweupe kabla hajafunga geji ya joto la hedi. Kwenye 1600, kihisio kiwekwe chini ya plagi ya silinda ya tatu, kwa sababu katika injini zenye kipoza oili ndani ya bweta la feni, silinda hiyo hupata hewa iliyokwisha kupashwa na kipoza oili. Volkswagen walikitoa nje kipoza hicho kwenye injini za 1971 na kuendelea. Angalia pia mabati yote yanayofunika injini na mpira unaoziba pembezoni mwa chumba chake. Kombi nyingi zimepoteza huo mpira, zinavuta hewa moto kutoka chini na kuirudia tena na tena. Geji ikipanda kwenye mlima, rudi gia ya tatu mapema, injini izunguke, feni ifanye kazi yake.

Kombi za vioo viwili vya mbele

Hizi, zilizotengenezwa kuanzia 1950 hadi 1967, zina mambo yao na haziingii kwenye jedwali la juu. Kila gurudumu la nyuma lina kibweta chake cha gia kinachopunguza mwendo kwa mara ya pili, na ndicho kinacholiinua gari kutoka ardhini. Vile vya mwisho, vilivyokuja na injini ya 1500, vina uwiano wa 1.26, na vya awali ni vifupi zaidi. Mwenye gari la zamani anaweza kufaidika kwa kupata vya mwisho tu, bila kugusa giaboksi.

Njia inayopendwa ng'ambo ni kuviondoa kabisa na kufunga giaboksi na ekseli za Beetle, gari dogo la Volkswagen. Mwendo unapanda sana. Lakini gari linashuka chini, na anayeijua njia ya vumbi ya kwenda ufuo fulani kule Msambweni au Watamu anajua tumbo la Kombi linahitaji nafasi. Gia za Beetle pia zilitengenezwa kwa gari jepesi kuliko hili. Na ole wake anayefunga giaboksi ya Beetle akaviacha vibweta mahali pake: vibweta hugeuza mzunguko, kwa hiyo atapata gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Binafsi sishauri njia hii kwa gari linaloishi Pwani. Gari la umri huo limeshakuwa la tunu, na mwendo wake wa 80 unalitosha.

Gia tano, na Subaru

Kuna giaboksi ya gia tano ya Kombi iliyofuata, ile ya kisanduku iliyoanza 1979. Ni nzuri, lakini gia ya tano imewekwa kwenye pua, kwa hiyo ni ndefu, na kuifunga kwenye Kombi ya miaka ya sabini kunataka kukata na kuunda upya kishikio cha mbele pamoja na fito ya gia. Ukiipata ya gia nne ya aina hiyo, uliza imetoka kwenye gari lenye injini gani. Za dizeli zilipewa uwiano mfupi, na ukiifunga utakuwa umehangaika ili urudi ulikotoka. Herufi zilizogongwa kwenye bodi yake ndizo zinazotambulisha uwiano, kwa hiyo zisome kabla ya kulipa.

Subaru inavutia kwa sababu magari yake yamejaa Kenya na spea zake ziko kila mahali. Injini yake imelala kama ya Kombi, na giaboksi yake ina gia tano. Tatizo ni kwamba Subaru hubeba injini mbele ya ekseli, na Kombi huibeba nyuma. Ukiigeuza giaboksi ikae kwenye Kombi, magurudumu yanazunguka kinyume. Dawa yake ni krauni na pinioni maalumu zilizochongwa kwa upande wa pili, zinazoagizwa kutoka nje, na tena giaboksi ya magurudumu manne lazima ifungwe isipeleke nguvu nyuma. Ni kazi kubwa inayotaka fundi mwenye lathi nzuri na subira. Ina maana kwa mtu anayeweka na injini ya Subaru vilevile, na huyo hazungumzii tena giaboksi, anaunda gari jingine. Injini ikibadilishwa, namba yake iko kwenye logibuku, kwa hiyo lazima apitie NTSA, mamlaka ya usafiri wa barabarani. Namba ya giaboksi haimo humo.

Ukishaamua kununua

Giaboksi iliyotumika usiinunue ikiwa imeshamwagwa oili. Muuzaji mwaminifu atakubali ufungue nati ya chini mbele yake. Ina sumaku. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida, ila vipande vinavyoshikika kwa kucha ni meno ya gia au beringi. Ingiza kila gia kwa mkono na uzungushe shafti. Msikilize fundi mkongwe anavyouliza:

"Bwana, hii ilikuwa ikiruka gia ya nne?"

"Sijui, mzee wangu, nimeitoa kwenye gari lililolala."

"Basi bei yake ni ya giaboksi ya kufunguliwa."

Anasema kweli. Giaboksi ya gari lililolala miaka kwenye hewa ya chumvi inafunguliwa, beringi na sili zinabadilishwa, ndipo inafungwa. Hesabu gharama hiyo tangu mwanzo.

Kama unaagiza gia ya nne au krauni kutoka Uingereza, Ujerumani au Marekani, jambo gumu si usafirishaji. Ni fundi. Krauni na pinioni hupangwa kwa vipimo vya sehemu ya mia ya milimita, kwa vyombo vyake, na kubahatisha hakufai kitu. Zikikaa karibu mno zinachemka, zikiachana zinalia, na kilio hicho hakiponi. Muulize fundi anapima vipi umbali wa pinioni. Akikuambia anasikiliza kwa mkono, mshukuru kwa heshima na umtafute mwingine. Kubadilisha gia ya nne peke yake kuna hatari ndogo kidogo, ingawa pinioni bado inatolewa na kurudishwa.

Kabla giaboksi mpya haijainuliwa, iweke sakafuni ubavuni mwa ile ya zamani. Linganisha shafti ya klachi, beringi ya kusukuma, flaiwili, stata, na mipira ya vishikio. Volkswagen walibadilisha vitu hivi mwaka hadi mwaka, na giaboksi inayoingia vizuri inaweza kukataa klachi yako. Ni bora ulijue hilo sakafuni kuliko chini ya gari.

Oili ni lita 3 na nusu, 80W-90 ya daraja la GL-4. Usikubali GL-5 kwa sababu tu ndiyo iliyo dukani. Dawa zake zinaweza kuzila pete za shaba zinazolainisha ubadilishaji wa gia, na utaanza kusikia gia ya pili ikisaga bila kujua kwa nini.

Na breki zitangulie. Kombi zilizotoka Ujerumani kabla ya Agosti 1970 zina ngoma mbele na nyuma. Ngoma hizo zinaisimamisha tani mbili kutoka 80 vizuri, na kutoka 100 zinajitahidi. Anayetaka kushika 100 njia ya Voi, ambako tembo na mbuzi wote hukatiza barabara, atengeneze silinda za breki, mipira yake, na ncha za usukani kabla ya kumpelekea fundi hata senti ya giaboksi. Baada ya kilomita 1,000 za kwanza na giaboksi mpya, mwaga oili, angalia sumaku, weka nyingine, na ndipo uanze kupanga safari ya bara.